'Bush Mdogo' ni mdogo wa nani?

Utasikia watu wakimwita George W. Bush 'Bush Mdogo', eti ndiyo tafsiri ya 'Junior'. Hapa pana makosa mawili. Kwanza, Junior hufaa pale jina la mwana linapolandana kikamilifu na la babake, kama lilivyo la Martin Luther King. Rais wa 41 wa Marekani ni George Herbert Walker Bush. Mwanawe, wa 43, ni George Walker Bush. Herbert yuko wapi? Pili, kwa Kiswahili mdogo wa mtu ni nduguye aliyezaliwa baadaye, si mwanawe. Msomaji atadhani marais hao ni ndugu! Hebu tuseme 'Bush baba' na 'Bush mwana', yaishe.