Ukihamia Songea Julai: Namna ya Kusoma Mtaa Kabla ya Kulipa Kodi

Mtumishi anayepewa barua ya kuhamia Songea mara nyingi hufika katika mwezi mbaya kuliko yote wa kuchagulia nyumba. Fedha za uhamisho hutengwa kwa mwaka wa fedha, na mwaka huo huanza Julai 1. Basi, Fuso lenye vitanda na makochi linashuka kutoka Makambako na Njombe wakati Songea imevaa nguo zake nzuri: asubuhi baridi ya kuvaa sweta, mbingu safi, mahindi yamejaa, na kila kichochoro kinapitika kwa bajaji. Mvua za Ruvuma ni za msimu mmoja. Huanza kati ya Novemba na Desemba, hukoma Aprili au Mei. Mwaka wa shule nao huanza Januari. Yaani mambo matatu yanayoamua kama watoto watakaa vizuri mtaani, maji, njia na shule, yanakuwa bado hayajajionyesha siku unapohesabu noti mbele ya mwenye nyumba.

Waliofanikiwa katika kazi hii hawakuwa na bahati ya dalali mzuri. Waliisoma Songea ya Oktoba na ya Januari wakiwa wamesimama Julai. Hilo linawezekana, na sehemu kubwa yake haihitaji gharama.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayowaharakisha watu. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 zinampa anayehamishwa posho ya kujikimu ya siku 14, yeye, mwenza wake na watoto wasiozidi wanne, pamoja na posho ya usumbufu ya asilimia 10 ya mshahara wa mwaka. Asilimia 10 ya mwaka ni mshahara wa mwezi mmoja na siku kama sita hivi. Upande wa pili yupo mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anayetaka ya mwezi mmoja. Kama kodi ni robo ya mshahara, hiyo miezi saba inakula mshahara wa mwezi mmoja na robo tatu. Posho ya usumbufu imekwisha na bado hujanunua hata pazia. Ndipo mtu anapochukua nyumba ya tatu aliyoonyeshwa, kwa kuwa siku ya 12 imefika na watoto wako gesti.

Dawa ya haraka hiyo ni kugawa safari. Mzazi mmoja atangulie, amalizane na madalali ndani ya siku zile 14, familia ifuate baadaye. Ni kazi ngumu kwa ndoa, nakiri, lakini nafuu kuliko kuhama mara mbili ndani ya mwaka.

Jambo la kwanza la kusoma ni barabara kuu, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo Songea ya leo ilipotofautiana na ile aliyokusimulia shemeji yako aliyefanya kazi huko zamani. Mji huu una milango mitatu mikubwa. Barabara ya Njombe inashuka kutoka kaskazini kupitia Mshangano na Msamala. Ya Mbinga inaingia kutoka magharibi kupitia Ruhuwiko, uliko uwanja wa ndege. Ya Namtumbo na Tunduru inatokea mashariki, upande wa Matogoro. Zamani mlango wa mashariki ulikuwa wa vumbi na magari ya kuhesabika. Lami ilipounganisha Mbinga, Songea, Tunduru na Masasi, mji uliokuwa mwisho wa safari ukageuka njia panda. Kisha makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yakapata soko nje ya nchi kupitia bandari ya Mtwara, na tangu hapo malori yenye matela yanapita Songea usiku na mchana, yakiingilia magharibi na kutokea mashariki.

Kwa mtu mzima malori hayo ni kelele na kuchelewa kazini. Kwa mtoto wa darasa la kwanza ni suala la kuvuka au kutovuka. Kwa hiyo swali la kumuuliza dalali si nyumba ina vyumba vingapi. Ni hili: nyumba na shule viko upande mmoja wa lami? Chukua karatasi, chora hizo barabara tatu, weka alama ya kila shule unayoifikiria, halafu tafuta nyumba ndani ya kipande kilekile. Ofisi yako iache nje ya mchoro. Wewe utapanda bodaboda. Mtoto wa miaka saba atatembea, au atapakiwa mshikaki na wenzake wawili kwenye pikipiki moja, jambo ambalo kila mzazi analilaani na wengi wanalilipia.

Mchoro huo unabadilisha sifa za mitaa. Msamala na Mshangano husifiwa kwa viwanja vilivyopimwa na nyumba mpya zenye uzio, na sifa hizo ni za kweli. Gharama yake ni mabasi ya mikoani na malori ya mahindi kwenye barabara ya Njombe. Matogoro na Seedfarm zina hewa ya mlimani na ujirani wa chuo cha ualimu, ila lami yake ndiyo ya kuelekea Mtwara. Majengo, Misufini na Mfaranyaki hudharauliwa kwa msongamano, wageni wakizipita wakitafuta uzio na geti. Kwa familia yenye watoto wadogo mimi nadhani dharau hiyo haina msingi. Mitaa ya katikati ina soko, zahanati na hospitali ya rufaa ya mkoa, ile wenyeji wanayoiita HOMSO, kwa mwendo mfupi. Ina pia faida isiyoandikwa kwenye tangazo lolote la dalali: Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, walipozikwa mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906. Mtoto aliyehamia mji wenye jina la shujaa wa vita hivyo, Nduna Songea Mbano, atamjua huyo mzee mapema kuliko kitabu cha historia kitakavyomfikia.

Shule yenyewe isomwe kwa matokeo, lakini kwa akili. Baraza la Mitihani huweka wazi matokeo ya kila shule, ya darasa la nne na la saba, kwa miaka kadhaa. Tangu mwanzoni mwa 2023 lilishaacha kutangaza shule bora kitaifa, na lilifanya vizuri, maana orodha zile zilikuwa zinawadanganya wazazi. Usitazame wastani peke yake. Tazama idadi ya watahiniwa: shule ya mchepuo wa Kiingereza yenye watoto 20 waliochujwa haiwezi kupimwa kwa kipimo kimoja na shule ya serikali yenye 150 ambayo haimkatai mtu. Tazama pia kama idadi ya waliofanya darasa la nne inakaribiana na ya darasa la saba miaka mitatu baadaye. Ikipungua sana, watoto wanaondoka, na sababu yake atakueleza muuza maandazi wa getini kabla ya mwalimu mkuu.

Kuna kikwazo kimoja cha kiutaratibu ambacho wengi hukigundua Agosti. Kila mwanafunzi wa msingi ana namba ya PREM kwenye mfumo wa Baraza, na uhamisho wake lazima ufanyike pia ndani ya mfumo huo, kutoka shule ya zamani kwenda mpya. Mtoto wa darasa la nne au la saba ameshasajiliwa kufanyia mtihani shule aliyopo. Huyo usimguse katikati ya mwaka. Wa darasa la saba humaliza mtihani Septemba na anaweza kukufuata wiki hiyohiyo. Wa darasa la nne asubiri mpaka afanye upimaji wake, akae na bibi au mama mdogo miezi michache. Wa madarasa mengine anahamishika, mradi hukwenda na barua mkononi tu bila kuhakikisha namba yake imehama.

Sasa maji. SOUWASA, mamlaka ya maji ya mji, inategemea vyanzo vya juu, vikiwemo mto na bwawa la Ruhila, na uhai wa vyanzo hivyo umefungamana na misitu ya milima ya Matogoro, ambako mto Ruvuma unaanzia. Mji wakati huohuo umepanuka: sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Songea na watu 203,309, ya 2022 ikaikuta na 286,285. Songea imo katika mradi wa maji wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa India, lakini mpangaji hanywi mradi. Anakunywa kinachotoka bombani mwezi wa kumi, kiangazi kikiwa kimekomaa.

Namna ya kujua mwezi wa kumi ukiwa Julai ni bili. Mwombe mwenye nyumba akuonyeshe ankara mbili za SOUWASA: ya Machi na ya Oktoba iliyopita. Familia haipunguzi kuoga kwa sababu ni Oktoba. Kama Machi walitumia uniti 12 na Oktoba 4, hapo palikuwa na mgao na watu walikuwa wanabeba ndoo. Ukiambiwa bili zimepotea, angalia kama kuna simtanki na kama limeunganishwa na bomba la ndani au limewekwa kama pambo. Wapo wenye nyumba waungwana watakaokuambia ukweli bila ankara, lakini namba hazina haya.

Njia nazo zinaacha ushahidi. Udongo mwekundu hurukia kuta mvua inaponyesha kwa nguvu, na alama yake haifutiki kirahisi. Tazama kuta za nje za nyumba za jirani, si ya kwako iliyopigwa rangi juzi. Alama ikiwa imepanda hadi usawa wa goti, maji hupita hapo. Angalia mtaro unaelekea wapi na kama kuna mahali watoto wanaruka kijito ambacho leo ni kikavu. Kisha pita kwa mwenyekiti wa mtaa, msalimie, jitambulishe. Utamhitaji kwa barua ya utambulisho hata hivyo. Muulize bodaboda hukataa kufika wapi mwezi wa pili. Swali hilo hulijibu hata yule asiyependa kuusema vibaya mtaa wake.

Umeme haupaswi kukupa homa. Aliyeishi Songea kabla ya 2018 atakusimulia majenereta ya dizeli, lakini mwaka huo laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako iliingiza mji kwenye gridi ya taifa. La kuuliza ni LUKU: ni yako peke yako au mnachangia na mpangaji wa uani? Na kodi ya jengo, inayokatwa humohumo kila mwezi, Sh1,500 kwa nyumba ya kawaida tangu 2023, ni deni la mwenye mali. Iandikwe kwenye mkataba kwamba itatolewa kwenye kodi ya pango.

Mkataba ndio mahali ambapo Julai inaweza kugeuzwa kuwa rafiki. Ile miezi sita inayolalamikiwa, ukihesabu kutoka Julai, inaishia Desemba. Utakuwa umekunywa maji ya Oktoba, umekanyaga tope la mvua za kwanza, na umeona lori la makaa linapita saa ngapi. Kwa hiyo usikubali kulipa mwaka mzima hata ukipunguziwa. Punguzo hilo ni bei ya kufumbwa macho. Weka kifungu kwamba kila upande utatoa taarifa mwezi mmoja kabla, ili mwanzoni mwa Desemba mwenye nyumba ajue kama unabaki, na mtoto awe na nafasi Januari katika shule iliyo upande uleule wa lami na nyumba utakayokuwa umeichagua kwa macho yako.