Mwandani Asiyeweza Kukataa: Kikosi cha Mashujaa wa Kompyuta katika Guild Wars: Nightfall na Kikoa cha Fumo Liyongo

Utangulizi

Suala la msaidizi wa shujaa limeshughulikiwa kwa muda mrefu na wahakiki wa fasihi simulizi. Vladimir Propp, katika uchunguzi wake wa ngano za Kirusi uliochapishwa mwaka 1928, alimtenga msaidizi kuwa mmojawapo wa wahusika saba wa kimsingi, akamtofautisha na yule ampaye shujaa kifaa cha ajabu. Tangu hapo imekuwa kawaida kumtazama msaidizi kwa kile akitendacho katika muundo wa hadithi, na si kwa kile ambacho angaliweza kukataa kukitenda. Makala haya yanakusudia kuuangalia upande huo wa pili. Matini zinazolinganishwa ziko mbali mno kwa asili na kwa umri: mchezo wa intaneti Guild Wars: Nightfall, uliotolewa na kampuni ya ArenaNet ya Marekani mwezi Oktoba 2006, na Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Inadaiwa hapa kwamba mwandani ambaye utii wake umehakikishwa na kanuni anaweza kupangwa, kuvishwa na kupewa silaha, lakini ni vigumu kwake kuwa mhusika; na kwamba Nightfall yenyewe inalijua jambo hili, ndiyo sababu wasaidizi wake wenye hiari imewaacha nje ya kikosi.

Ulinganisho huu unafanywa kutoka mahali mahususi. Kaskazini ya hori ya Mtwapa, ukingoni mwa bahari, yapo magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14 na ya 15 uliofukuliwa na James Kirkman mwaka 1972. Mtwana ni mtumwa wa kiume. Jina la mji limebeba mkinzano ambao mazoea yameufifisha: jumba ni la mwenye nacho, na mtwana, kwa sheria iliyomfanya mtwana, hana chake. Mtu anayetenda kwa utashi wa mwingine ana nyumba gani katika hadithi? Swali hilo linaulizwa na jina la mahali kabla ya kuulizwa na mhakiki yeyote.

Huenda ikapingwa kwamba mchezo wa kompyuta si fasihi. Pingamizi hilo halina haja ya kutuchelewesha. Espen Aarseth alionyesha mwaka 1997 kwamba zipo matini ambazo msomaji hawezi kuzipitia bila kuzifanyia kazi ya kweli, na mwanafunzi wa fasihi simulizi, aliyezoea hadithi isiyokuwako mpaka fanani na hadhira wakutane, hana sababu ya kushangazwa na dai hilo.

Muundo wa kikosi

Guild Wars ya kwanza ilitoka Aprili 2005. Ilinunuliwa mara moja tu, bila ada ya kila mwezi, na sehemu zake ngumu zilihitaji kikosi cha watu wanane. Aliyekosa wenzake wa kibinadamu aliweza kuwachukua askari wa kukodi wanaoendeshwa na kompyuta, waliosimama mjini wakingoja kuitwa. Hawakudai mshahara, ila walihesabiwa katika mgao wa ngawira. Mchezaji hakuweza kuwabadilisha: mbinu zao, silaha zao na ujinga wao vilikuwa vya kudumu. Nightfall ikaongeza tabaka jipya, nalo likaitwa mashujaa. Shujaa ana jina, asili na kisa. Lakini pia yu wazi kwa mkono wa mchezaji. Mchezaji humchagulia mbinu nane, moja tu kati yake ikiruhusiwa kuwa mbinu kuu. Humgawia alama za uwezo, humpa silaha, humwamuru ashambulie, alinde au ajiepushe na mapigano. Akitaka, huchomeka bendera ardhini na shujaa huenda kusimama papo hapo mpaka bendera iondolewe. Mwanzoni kila mchezaji aliruhusiwa mashujaa watatu. Mwezi Machi 2011 idadi ilipandishwa hadi saba, na kuanzia hapo kikosi kizima cha wanane kiliweza kuwa na binadamu mmoja.

Ni lazima ikubaliwe kwamba kuna usanii katika upangaji huu. Kikosi kinachoshindwa bondeni hurejeshwa mjini, kikavunjwa na kuundwa upya. Mbinu moja huondolewa, nyingine ikaingizwa, na athari yake huonekana kwa wanane wote. Mfano unaojulikana sana ni ule wa wachawi wa maiti watatu. Wachawi hao hurudishiwa nguvu kila kiumbe kinapokufa karibu nao, na maiti za maadui huwapa malighafi ya kuundia askari wapya. Kwa hiyo wakiwekwa watatu pamoja, kila ushindi mdogo hugharamia ushindi unaofuata. Aliyeligundua hilo alifanya kazi ya mtunzi anayejua neno lipi likae wapi ili kina kisivunjike, na mhakiki anayeidharau kazi hiyo kwa kuwa imefanywa kwenye kioo cha kompyuta anajinyima jambo la kujifunza.

Lakini angalia ni nani aliyeachwa mjini. Masimulizi ya Nightfall yanamtanguliza Koss, mpiga panga mwenye maneno mengi, na Dunkoro, mtawa mponyaji wa makamo. Hao ndio wanaomlaki mchezaji katika kisiwa cha Istan na kumwingiza katika vita dhidi ya Varesh Ossa, mtawala wa Kourna. Wachezaji wengi, mara walipopata uhuru wa kuchagua, waliwaacha na kuchukua wachawi wa maiti ambao kisa hakikuwahitaji sana. Kigezo cha uteuzi hakikuwa tabia wala kisa, bali hesabu. Hapa ndipo ufa unapoonekana: shujaa wa Nightfall ni matini mbili katika mwili mmoja, iliyosimuliwa na iliyopangwa, na matini hizo hazigusani. Koss hujigamba katika masimulizi. Vitani ni vitufe vinane. E. M. Forster, mwaka 1927, alitofautisha mhusika bapa na mhusika duara, lakini istilahi hizo hazimtoshi Koss. Mhusika bapa amefanywa bapa na mtunzi, na hubaki hivyo kwa manufaa ya kazi nzima. Koss ni duara anapozungumza, na ni mtupu anapotenda.

Kweli, mashujaa hawa husema. Wamewekewa kauli za kutoa vitani na safarini, na baadhi yake zina ucheshi. Ila kauli hizo hazina nguvu juu ya lolote. Kabla ya daraja kujengwa, pantoni ya Mtwapa ilivutwa kwa mnyororo na wanaume walioivusha kwa nguvu za mikono huku wakiimba. Nao pia walikuwa watu wa kuagizwa. Lakini wimbo wao ulikuwa sehemu ya kuvuta, na mnyororo ulifuata mapigo yake. Sauti ya shujaa wa kompyuta ikizimwa, kikosi husonga kwa mwendo ule ule.

Nchi yenyewe ina tatizo la namna hiyo. Elona imejengwa kwa rangi za Afrika na za Mashariki ya Kati: kisiwa, bandari iitwayo Kamadan, mbuga, jangwa. Mojawapo ya sehemu zake inaitwa Nundu Bay, na msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita jina hilo bila kugeuza shingo. Akigeuka hakuti usemi wowote wa kuitikia. Mandhari yamekopwa, mazungumzo hayakukopwa.

Kikoa na hiari

Katika utendi wa Kijumwa, mfalme wa Pate anamhofu Liyongo na kuwanunua Wasanye na Wadahalo, watu wa msituni waliokuwa karibu naye, ili wamletee kichwa chake. Njia wanayoichagua ni ya kustaajabisha. Wanamkaribisha katika kikoa, ushirika wa kula kwa zamu: leo fulani alishe, kesho mwenzake. Chakula ni makoma, na kila mmoja hupanda mkoma siku yake. Zamu ya Liyongo itakapofika, atakuwa juu mtini bila kinga, nao watamfuma kwa mishale. Liyongo anautambua mtego na kuyaangua makoma kwa mishale akiwa amesimama chini.

Kikosi hiki kimeundwa ili kumwua kiongozi wake, na hata hivyo kinatimiza masharti yote ya kikosi: wanachama, zamu, chakula, mgao. Kwa mtazamo wa umaumbo, Wasanye ni wasaidizi mpaka dakika ya mwisho. Utendi unapata msisimko wake kutokana na jambo ambalo muundo hauwezi kulionyesha, yaani kwamba yule anayekula nawe ana nia yake moyoni. Kikoa hakina maana mahali ambapo hakiwezi kusalitiwa.

Mfano wenye uzito zaidi ni wa Saada. Huyu ni mjakazi wa mamake Liyongo, atumwaye kupeleka chakula gerezani, ambako walinzi hukila kila kilicho kizuri. Liyongo anampa ujumbe wa kishairi ampelekee mama: aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wanaudharau mkate huo, unapita, na Liyongo anakata minyororo huku ngoma aliyoiomba ikiufunika mlio wa tupa. Kisheria Saada ni chombo. Hakuna beti linalomwuliza kama anataka kwenda. Lakini ukombozi wa shujaa umepita katika kumbukumbu ya mjakazi: ujumbe ameubeba kichwani, kati ya walinzi, na angaliweza kuusahau, kuuza au kuupotosha. Mtunzi anajua hivyo, na hadhira pia. Kwa sababu hiyo mtumwa wa utendi ana hiari nyingi kuliko yule ambaye Nightfall inamwita shujaa. Mhakiki aliye Mtwapa, mwenye jina la Jumba la Mtwana masikioni, hana budi kulitaja jambo hili waziwazi: mchezo umempa mtumishi wake cheo cha shujaa, ukamnyang'anya kile ambacho hata utumwa haukuweza kumnyang'anya Saada.

Kisha yuko mwana. Mfalme anamwahidi ndoa, naye anamwuliza babake ni kitu gani kinachoweza kumwua. Baba anashuku, na bado anajibu: sindano ya shaba kitovuni. Akishachomwa, Liyongo anakwenda hadi kisimani na kufa akiwa amepiga goti, upinde mkononi, na watu wa mji hawathubutu kuteka maji kwa kumdhania mzima. Katika Guild Wars, mwandani akifa hufufuliwa na mwenzake. Hupunguziwa afya na nguvu kwa asilimia 15 kwa kila kifo, isizidi 60, na akirudi mjini hurejea alivyokuwa. Huu si upungufu wa ufundi, kwani mchezo usingechezeka vinginevyo. Ila ni kifo kisichomwachia yeyote kisima.

Walioachwa nje

Itakuwa dhuluma kudai kwamba waandishi wa Nightfall hawakuliona tatizo. Baadhi ya sehemu za kisa zinamlazimisha mchezaji amchukue shujaa fulani, atake asitake, na kwa muda mfupi matini mbili zinakaribiana. Pia kuna mahali ambapo ni lazima kuchagua kati ya Margrid the Sly, haramia, na Master of Whispers, mtu wa siri, ajue ni nani wa kufuatwa kwanza. Zhed Shadowhoof, nusu mtu nusu farasi, ni wa kabila lililotiwa utumwani na Kourna. Jenerali Morgahn anamtumikia Varesh mpaka dhamiri inapomshinda. Kuasi kwa Morgahn ni tukio la kifasihi lenye nguvu, kwa kuwa askari aliyeapa anavunja kiapo kwa sababu anazozijua mwenyewe. Tatizo ni kinachofuata. Akishaingia kikosini, mlango wa dhamiri hufungwa nyuma yake: aliyeweza kumkataa Varesh hawezi tena kumkataa mchezaji, hata akiamriwa kusimama penye bendera katikati ya moto. Zhed naye, aliyetoka katika taifa la watumwa, anafungwa bendera ile ile.

Msaidizi aliye hai kuliko wote ni Palawa Joko, mfalme wa maiti, aliyekuwa amefungwa jangwani. Mchezaji anamhitaji ili avuke, na Joko anautaka ufalme wake. Wanapatana, kila mmoja akijua kwamba mwenzake hana imani naye. Joko hawezi kuchaguliwa mbinu, hafungwi bendera, hana nafasi kati ya wale wanane. Maneno yake yana uzito kwa sababu yanaweza kuwa ya uongo. Ni Msanye wa Nightfall, mwenye kikoa na mshale. Tofauti ni kwamba Liyongo alikula na Wasanye wake kila siku, ilhali mchezaji anakutana na Joko katika vipindi vichache vya kisa na kisha kurudi kwa watiifu wake saba.

Guild Wars 2 ilipotoka Agosti 2012, mashujaa wa kupangwa namna hii hawakuwamo tena. Masimulizi yake yanasogea mbele zaidi ya karne mbili, na katika Path of Fire ya mwaka 2017 mchezaji anarejea Elona. Anaikuta chini ya Joko, aliyeiteka baada ya kuachiliwa, na raia wamefundishwa kumsifu.