Fundi wa Kungoja Wimbi

Watu wanaoteleza juu ya mawimbi husifiwa picha zinapotoka: kijana kasimama juu ya ubao, ukuta wa maji ya samawati umemfunika nusu, mikono kaitandaza. Aliyekaa miezi kadhaa kabla ya picha hiyo na ramani ya bahari, kalenda na hesabu za nauli hatajwi na mtu. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu hapa. Kuteleza kwenyewe ni kipaji na mazoezi. Kupanga safari ya kwenda kuteleza kwenye miamba ya visiwa vya mbali ni ufundi, tena ufundi wa mtu mwenye subira.

Chukua Mentawai, ng'ambo ya bahari hii hii yetu. Ni visiwa vya Indonesia, magharibi ya Sumatra, nyuzi chache kusini mwa ikweta. Vikubwa ni vinne: Siberut, Sipora, Pagai ya Kaskazini na Pagai ya Kusini. Ndege inakushusha Padang, boti ya kasi inakuvusha hadi Tuapejat kwa saa kadhaa, na kutoka hapo unatafuta boti ndogo. Mwaka 1991 Mwaustralia mmoja, Lance Knight, alifika kijiji cha Katiet, ncha ya kusini ya Sipora, akakuta wimbi linalojikunja kuelekea kulia juu ya mwamba, safi kama limechongwa. Wageni wanaliita kwa jina lake hadi leo, ingawa watu wa Katiet walikuwa wakilisikia likinguruma tangu mababu zao.

Sasa tazama mtego alionao mpangaji. Tiketi na boti hulipiwa miezi mingi kabla, na wimbi lenyewe bado halijazaliwa. Huzaliwa kusini ya mbali, kwenye maji baridi ya kuelekea Antaktika, pale dhoruba inaposukuma bahari siku mbili tatu bila kupumzika. Likishatoka kwenye dhoruba, halihitaji upepo tena. Mawimbi yanayofuatana kwa nafasi ya sekunde 16 husafiri pamoja kwa mwendo wa kilomita 45 hivi kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 1,000 kwa siku. Kabla hayajafika Mentawai siku kadhaa zimekwisha, na hiyo ndiyo ilani pekee anayopewa mtu. Umelipa Februari kwa ajili ya kitu kitakachoumbika Julai.

Asiyejua hubahatisha tarehe. Fundi huchagua msimu: Aprili hadi Oktoba, kipupwe cha kusini mwa dunia, dhoruba zinapofuatana. Wa Pwani tunaijua miezi hiyo kwa pepo zake za kusi. Kisha huchagua mahali penye milango mingi. Hapa ndipo Mentawai inapoizidi miamba mingine mashuhuri iliyo peke yake baharini. Katiet kuna wimbi la kulia upande wa mashariki wa ncha, na la kushoto upande wa magharibi, mwendo mfupi kwa boti. Upepo ukitoka kaskazini-magharibi unalinyoosha la kulia. Ukigeuka kusini-mashariki unaliharibu hilo na kulitengeneza jenzake. Mawimbi yakija madogo, kuna miamba mingine iliyo wazi zaidi kwa bahari kuu. Mpangaji hawezi kuagiza wimbi, lakini anaweza kukaa mahali ambapo karibu kila kinachokuja kitapata mwamba wa kukipokea.

Maji nayo yana hesabu yake. Zanzibar wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka karibu mita nne. Mentawai tofauti ni kama mita moja tu. Usidhani ni jambo dogo. Juu ya mwamba ulio karibu sana na uso wa maji, nusu mita ndiyo inayoamua kama utarudi na ngozi yako. Mwisho wa lile wimbi la kulia la Katiet kuna sehemu ambapo matumbawe yamepanda juu, na watelezaji wameipa jina la meza ya mpasuaji. Asiyejitoa mapema hulazwa hapo. Tumbawe likikukata huacha vipande ndani ya nyama, na katika joto lile kidonda kinaoza upesi. Ndiyo maana sanduku la fundi lina brashi laini, maji safi, dawa ya kuua vijidudu na antibiotiki aliyoandikiwa na daktari, pamoja na kamba za mguuni za akiba na gundi ya kuzibia ubao. Ana bima inayolipia kusafirishwa kwa dharura pia, maana hospitali kubwa iko Padang, na kati yake na wewe kuna bahari.

Na huuliza mlima uko wapi. Usiku wa tarehe 25 Oktoba 2010 tetemeko lilitokea karibu na Pagai. Mtikisiko wake ulikuwa wa polepole, wengi hawakuona sababu ya kukimbia, kisha tsunami ikaja na kuua watu zaidi ya 400. Boti za watelezaji zilizokuwa zimetia nanga kwenye ghuba ya Macaronis ziligongana, moja ikawaka moto. Asiyejua njia ya kupanda juu kutoka anapolala hajamaliza kupanga, hata kama ana mbao tano.

Kuna mtelezaji mmoja aliyekwenda kwa ajili ya mawimbi akaona jambo jingine. Dave Jenkins, daktari wa New Zealand, aliona wenyeji wakifa kwa malaria karibu kabisa na boti za anasa, na mwaka 2000 akaanzisha SurfAid, shirika ambalo kazi zake za mwanzo zilikuwa kugawa vyandarua. Kwetu hilo halihitaji maelezo. Basi ukiandika orodha ya safari kama hii, anza na chandarua na kinga ya malaria, ndipo uje kwenye mbao. Na mkishafika Katiet salama, yule aliyewapangia yote haya mwachieni wimbi la kwanza.