Heko, Wapishi wa Dishi na County
Tangu 2023, katika mpango wa Dishi na County, mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma Nairobi hulipa shilingi 5, anagusisha bangili yake kwenye mashine, anapakuliwa chakula cha mchana. Gharama iliyobaki hubebwa na kaunti na Food4Education, shirika lililoanzishwa na Wawira Njiru mwaka wa 2012. Heko kwao, ingawa zangu nyingi ni za wapishi wanaodamka kuchambua ndengu. Wali wanaoupika hauna laisini ya kutosha, ile asidi amino ya kujenga misuli. Maharagwe na ndengu vinayo tele, basi mtoto hujenga misuli hata bila nyama. Kabeji isiyoiva kupita kiasi huongeza vitamini C, inayosaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Lakini Kibera na Kawangware, watoto wengi husoma shule za mitaani zisizo za serikali. Nao pia wana njaa ya saa saba.