Sura Zilizofutwa

Kijana aliyenipiga picha ya pasipoti mwezi uliopita hakuniangalia usoni hata mara moja. Aliangalia kioo cha simu, akabonyeza, akaita, "Mwingine!" Nikaondoka na sura yangu mara nne ndani ya bahasha, na njiani nikamkumbuka William Orpen, mtu aliyekula mkate wake kwa kutazama watu.

Alizaliwa mwaka 1878 Stillorgan, karibu na Dublin. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta London, mchoraji wa sura anayelipwa fedha nyingi na wenye majina. Ila aliyemchora bila huruma ni yeye mwenyewe. Alipotumwa Ufaransa mwaka 1917 kuvichora vita, alisimama mbele ya kioo akajichora na kofia ya chuma kichwani, chupa za pombe zikiwa mezani.

Huko alimchora Haig, mkuu wa majeshi ya Uingereza. Orpen alisimulia baadaye kwamba mkuu huyo alimuuliza kwa nini anapoteza muda naye; aende akawachore askari, hao ndio wanaokufa kila siku.

Akaenda. Kuna jambo moja la Somme, uwanja wa vita huko Ufaransa, lisilonitoka akilini. Aliiona nchi ile kwanza ikiwa matope matupu. Kiangazi akarudi, akaikuta imekauka na kuwa nyeupe ya kuumiza macho, maua mekundu yameota, mbingu ni buluu safi, na nguo na bunduki za waliokufa zimechomwa na jua hata zikafanana rangi na udongo. Mwingine angeongeza giza ili tuhuzunike. Orpen alipaka mwanga ule ule aliouona, na maiti ndani ya handaki wamelala chini ya jua zuri. Jicho lililofunzwa kutozidisha pua ya tajiri halikuweza kudanganya kuhusu mfu.

Mwaka 1919 alikuwa Versailles, wakuu wakitia saini mkataba wa amani. Katika picha yake ya siku ile wameketi wadogo, wamemezwa na vioo na dhahabu ya ukumbi. Picha nyingine ilikusudiwa kuwaonyesha viongozi na majenerali. Aliwachora kwa miezi, uso baada ya uso, kisha akawafuta wote. Mahali pao akaweka jeneza lililofunikwa bendera, askari wawili vijana waliovaa matambara wakililinda, na malaika wadogo juu yao.

Ilipoonyeshwa mwaka 1923 watu wa kawaida waliipenda mno. Jumba la makumbusho ya vita lililoiagiza likaikataa. Haig alipofariki mwaka 1928, Orpen alikubali kuwafuta wale vijana na malaika wao, akaitoa kwa kumbukumbu ya marehemu. Safari hii ikapokelewa. Miaka mitatu baadaye naye akafa, ana miaka 52, na haikuchukua muda jina lake likafifia.

Simlaumu sana, mtu huchoka. Lakini nikiitazama picha hiyo macho yangu hayatulii kwenye jeneza. Yanakwenda pembeni, huku na huku, kuwatafuta wale wawili ambao Haig mwenyewe ndiye aliyesema wachorwe.