Udongo Umfuate Mtu: Bustani ya Mawe na Mgongo Unaopona

Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20 na ushee. Uzito wa namna hiyohiyo ndio aliopewa mtu mmoja kunyanyua huko Ulm, Ujerumani, katika vipimo alivyochapisha Hans-Joachim Wilke na wenzake mwaka 1999. Alikuwa mwanamume wa miaka 45, mzima wa afya, na ndani ya diski moja ya kiuno chake, kati ya pingili ya nne na ya tano, walikuwa wamechomeka kipimo chembamba cha mgandamizo.

Akisimama wima, kipimo kilisoma megapaskali 0.5, zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo. Akiinama mikono mitupu, 1.1. Akinyanyua mzigo wake kwa kupinda mgongo huku magoti yamenyooka, 2.3, akikunja magoti na kunyoosha mgongo, 1.7. Akiwa amesimama ameukumbatia mzigo kifuani, 1.1. Akiushika sentimita 60 mbali na kifua, 1.8.

Mtu mmoja hawezi kusemea migongo yote, kwa hiyo tuziache namba zenyewe tuangalie uwiano wake. Kuinama bila kushika chochote kumetoa 1.1, na kusimama umekumbatia kilo 20 nako kumetoa 1.1. Hapo ndipo watu wengi wanaouguza mgongo wanapojikwaa. Daktari akisema usibebe vizito, wanaacha kubeba maji, kisha wanaingia kwenye mchicha na kupalilia nusu saa wameinama, wakiamini hiyo ni kazi nyepesi. Kwa diski ni kama wamesimama na dumu kifuani muda wote huo.

Basi dawa si kumfundisha mgonjwa kuinama vizuri. Ni kuiinua bustani.

Hilo lilifanyika Lesotho kuanzia miaka ya 1990, wakati VVU vilipoacha kaya nyingi mikononi mwa wagonjwa na wazee ambao hawakuwa tena na nguvu za kulima. Bustani iliyobuniwa ni ya duara, upana wake kama mita mbili, imezungushiwa ukuta wa mawe unaofika karibu na kiuno. Upande mmoja umekatwa njia nyembamba ya kuingilia hadi katikati, ndiyo maana ukiitazama kutoka juu ina umbo la tundu la ufunguo. Katikati husimama tenga la vijiti na nyasi. Humo hutupwa maganda na mabaki ya jikoni, na humohumo humiminwa maji yaliyooshea vyombo. Maji yanashuka na kusambaa pembeni yakiwa yamebeba rutuba. Chini ya udongo kuna mawe, nyasi kavu, samadi na majivu, kwa hiyo udongo haukauki haraka wala hauhitaji kulimwa kwa jembe. Shirika la Send a Cow la Uingereza lilisaidia kuieneza, nayo ikafika hadi Uganda.

Ukiipima kwa namba za Ulm, ubunifu huu unafuta kazi tatu mbaya kwa mpigo: kulima, kuinama kupalilia, na kumwagilia mche mmoja mmoja. Lakini una kasoro moja kwa mwenye mgongo uliojeruhiwa, nayo ni upana. Kutoka ukingoni hadi kwenye tenga kuna sentimita 80 hivi. Mtu atakayeegemea mbele ili afikie mboga za ndani anarudi kulekule kwenye 1.1, ijapokuwa mkononi ana kisu na majani tu. Mimi ningeijenga duara ya mita moja na nusu, na pale karibu na tenga nikapanda kitu kisichovunwa kila siku, mfano vitunguu. Sukumawiki na mchicha vikae ukingoni.

Mjini, ambako mawe hununuliwa, kuna bustani ya gunia, iliyoenea sana Kibera kuanzia mwaka 2008. Unasimamisha kopo lisilo na kitako katikati ya gunia, unalijaza kokoto, unazungushia udongo na samadi, kisha unalivuta juu na kujaza tena hadi gunia lijae. Miche inapandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Gunia lilibuniwa kwa uhaba wa nafasi, mgongo haukuwa kwenye hesabu, na inaonekana: matundu ya chini yako usawa wa goti. Aliyeumia aliweke juu ya matofali, au aache kabisa kutoboa nusu ya chini. Kigoda kinasaidia kidogo tu. Huko Ulm kukaa na kujikunja mbele kabisa kulisoma 0.83.

Kujaza ndiyo kazi nzito kuliko zote, na hiyo wapewe vijana wa nyumbani. Maji yabebwe kwa madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono.

Kuna suala la saa, na hapa nakwenda kinyume na mazoea yetu ya kumwagilia alfajiri. Usiku diski hufyonza maji na kuvimba. Asubuhi mgongo ni mgumu, na kuinama kunaukaza zaidi. Utafiti wa Snook na wenzake Marekani, uliochapishwa mwaka 1998, uliwataka watu wenye maumivu sugu ya kiuno wasiiname asubuhi mapema, na maumivu yao yakapungua. Jioni, jua likipoa, inatosha kabisa kwa mboga.

Shingo ina masharti yake. Kichwa cha mtu mzima kina kilo tano hivi, na kukiinamisha muda mrefu ni mzigo tosha hata bila ndoo juu yake. Kubeba kichwani kusitishwe mpaka mtaalamu wa fiziotherapia aruhusu, na vilevile kuangua papai kwa upondo, kwa sababu shingo inakunjwa nyuma huku mikono ikivuta. Ukuta wa bustani usizidi kiuno. Ukiwa juu mno mabega hupanda na shingo ndiyo inayolipa.

Maumivu ya misuli yanayoisha kesho yake hayatishi. Mguu au mkono unaokosa nguvu, ganzi kati ya mapaja, au mkojo usiozuilika ni jambo jingine: hapo bustani iachwe na usafiri wa hospitali utafutwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.