Wafu Hawakuwa Jeshi Lake

Walioitazama fainali ya Warcraft III ya juma lililopita wanajua kwamba michezo minne ya kwanza ilistahiki sifa, na kwamba katika mchezo wa tatu yule kijana wa Wanadamu aliutwaa mgodi wa pili akaulinda kwa minara bila ila yoyote. Nitakalo kulizungumza ni ile dakika moja kabla ya mchezo wa tano, matokeo yakiwa mbili kwa mbili na ramani ikiwa Echo Isles, ambapo kijana huyo, aliyefika fainali kwa jeshi la Wanadamu na kwa hilo peke yake, aliliacha akachagua Wafu, hali akijua fika kwamba anayemkabili ni mchezaji wa Maoki. Kwa rai yangu, fainali ilikwisha pale pale, kabla ya mfanyakazi wa kwanza kuigusa dhahabu.

Watangazaji walifurahi mno, wakasema kuwa ni hila ya kivita na kwamba mpinzani ameshikwa ghafla. Lakini thamani ya ghafla katika mchezo huu hupimwa kwa kadiri ya tadbiri ambazo adui hulazimika kuzitupa, na hapo nauliza: huyu wa Maoki alitupa nini? Katika michezo yote minne alikuwa amefungua kwa Bingwa wa Upanga, na Bingwa wa Upanga ndiye shujaa ambaye mchezaji yeyote wa Maoki, hata aliyeamshwa usingizini, angemchagua dhidi ya Wafu. Madhabahu aliyoijenga ilikuwa ile ile, kambi ile ile, na mpangilio ule ule. Na alipofika kuchungulia akakuta ardhi imegeuka nyeusi badala ya mashamba na ukumbi wa mji, hakuwa na jambo hata moja la kulibadili. Ghafla iliyomshika ilikuwa ya furaha.

Na tulitazame lile alilolichagua lilivyo. Wafu hawaingii ndani ya mgodi. Watumishi wao watano huuzunguka kwa duara, wazi mbele ya kila mpitaji, kila mmoja akiwa na uhai wa 220 tu, na amwuaye mmoja wao amekata khumsi nzima ya pato la dhahabu. Bingwa wa Upanga naye hutoweka machoni, akatokea, akapiga pigo moja zito, kisha akatoweka tena; ni shujaa ambaye mtu angedhani ameumbwa makusudi kuliadhibu duara lile. Fauka ya hayo, Echo Isles ni ramani ya watu wawili, ambamo mshambuliaji hana haja ya kupoteza hata nukta moja kumtafuta mwenyeji wake. Wakulima wa Wanadamu huingia mgodini, na kengele ikilia hushika silaha wakawa askari; kijana wetu alikuwa na ulinzi huo mikononi mwake, ameuzoea kwa miaka, akauweka chini kwa hiari yake ili awachukue watumishi wasioweza kujitetea. Watatu waliuawa kabla hajawahi kununua vumbi la kuwafichua wasioonekana, na kutoka hapo kila alichokijenga kilichelewa.

Yaliyofuata hayahitaji maneno mengi. Farisi wa Mauti, shujaa wa Wafu aliyemtegemea kijana huyo, huwatibu wenzake kwa pigo lake, lakini hawezi kujitibu mwenyewe kwa pigo hilo. Kwa hiyo wapanda mbwamwitu wa Maoki walipomrushia wavu hakuwa na wa kumwokoa, na mtu aliyezoea kuwarudisha mashujaa wa Wanadamu nyuma kwa wakati alionekana dhahiri kuwa vidole vyake havijui kipimo cha shujaa huyu.

Nimekwisha kuandika mara nyingi, nami sitachoka, kwamba chanzo cha maradhi haya ya kubadili jeshi ni majedwali yale yanayoyapanga majeshi kwa daraja, yapendwayo na vijana kuliko kucheza kwenyewe. Mtu humwona Happy wa Urusi akitwaa kombe baada ya kombe kwa Wafu, kisha hudhani nguvu ile imo katika Wafu, ilhali imo katika miaka ambayo Happy ameishi nao, akijifunza hasa namna ya kuponyoka kwa Maoki wale wale, ambao kila mjuzi anajua kuwa ndio balaa kubwa ya jeshi lake.

Wakubwa wetu wa zamani hawakutenda hivi. Sky wa China alitwaa ubingwa wa World Cyber Games mwaka 2005 huko Singapore na tena mwaka 2006 huko Monza, mara zote kwa Wanadamu. Na mwaka 2007, Seattle, alifika fainali kwa Wanadamu hao hao, akashindwa na Creolophus wa Norway bila ya kutafuta kimbilio kwa jeshi la kuazima. Grubby wa Uholanzi alitwaa ubingwa huo 2004 na 2008 kwa Maoki. Na Moon wa Korea, ambaye wapenzi wa mchezo walimpa lakabu ya jeshi la tano, ingawa majeshi ni manne tu, aliipata lakabu hiyo kwa kuwachimba Elfi wa Usiku hadi akatoa kwao mambo ambayo hata waliowabuni hawakuyatarajia.

Kijana huyu alikuwa na njia iliyo wazi. Mchezo wa nne aliupoteza kwa sababu moja, nayo ni kwamba aliukimbilia mgodi wa pili ilhali minara haijasimama. Angeuchelewesha kidogo, akatanguliza minara miwili na kulibakiza jeshi lake ndani ya watu 50, mpaka ambao ukivukwa kodi huanza kuila dhahabu, basi Bingwa wa Upanga angalirandaranda nje bila ya kupata windo jepesi. Mpango huo aliucheza mwenyewe katika mchezo wa tatu, mbele ya macho yetu sote, dhidi ya mtu yule yule, akashinda.